Ukuta Usiovuja

4 Machi, Jumatatu

Nimepata kazi ya kushika kibao. Upande mmoja ni mwekundu, umeandikwa SIMAMA. Wa pili ni wa kijani, umeandikwa PITA. Nasimama kwenye ile kona nyembamba tunayoiita Koo na kuamua nani apite. Tatizo ni kwamba tangu mlima ushuke barabarani mwaka jana, hakuna gari linaloweza kupita hapa. Leo nimesimamisha pikipiki mbili, punda mmoja na mwenye punda. Punda hakusimama. Nimeandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Mhandisi ni binti mdogo kuliko mwanangu wa pili. Mabuti yake yanang'aa kama sahani za wageni. Akaniuliza, "Mama, unajua kusoma na kuandika?" Nikamwambia niliishia darasa la tano, mengine nimejifunza kwa wivu. Hakucheka.

Kisha akatukusanya, akasema bila kuzunguka. Tarehe 31 Mei wakaguzi watakuja na lori la tani kumi, limejaa. Likipita Koo na kufika kijijini kwetu juu, barabara inabaki. Lisipofika, barabara inafutwa kwenye ramani, zahanati na shule vinashushwa bondeni, na sisi wa juu tunaambiwa tuvifuate.

Jioni nikamweleza mama. Ana miaka themanini na kitu, kitu chenyewe hataji. Nyumba yake ndiyo ya mwisho; barabara ikifika mlangoni kwake inaishiwa na hamu.

"Mwambie huyo mhandisi wako," akasema, "mimi nitahama kwa kubebwa, na nitabebwa mara moja tu."

Akaendelea kuchambua maharage.

7 Machi

Fundi wa ukuta amefika na wasaidizi wanne na sanduku la zana lenye kufuli. Anaitwa Fundi Tangi. Kwa miaka thelathini amejenga matangi ya maji, na inasemekana hakuna hata moja lililowahi kuvuja. Inasemekana na yeye mwenyewe. Leo peke yake nimeisikia mara tatu.

Dereva wa kijiko, lile gari la kuchota udongo, tunamwita Kimya, kwa sababu ndicho kitu pekee asichokuwa nacho. Anasimulia hata injini ikinguruma. Unaona mdomo unakwenda tu.

11 Machi

Mhandisi amenipandisha mlimani, juu kabisa ya Koo, nusu saa kwa miguu na mikono. Huko kuna ufa ardhini, mrefu kama uwanja wa shule, kiganja kinaingia. Amepigilia kigingi kila upande wa ufa, na msumari juu ya kila kigingi.

"Kila asubuhi unapima kutoka msumari hadi msumari. Mlima ukianza kutembea, vigingi vitatuambia kabla mlima wenyewe haujafika."

Leo ni sentimita 212 na nusu.

"Ikifika 220," akasema, "kila mtu atoke chini ya Koo. Hata kama mimi mwenyewe nimesema mbaki."

Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati kuna vijana wenye magoti mapya.

"Siku ile ya kwanza kila mtu aliniandikia kwamba kazi imekwenda vizuri. Wewe peke yako uliandika kwamba punda hakusimama."

Nimeshuka nikiwa na kichwa kikubwa kuliko kofia niliyopewa.

12 Machi

212½. Jua.

13 Machi

212½. Jua. Magoti.

14 Machi

212½. Kimya amesimulia ndoa yake ya kwanza, sehemu ya kwanza.

19 Machi

Ukuta umeanza kupanda. Utakuwa na urefu wa mita arobaini na kimo cha watu wawili, upande wa mlimani, uzuie udongo usije barabarani. Leo Mhandisi ameleta vipande vya bomba, arobaini, na kusema vilazwe ndani ya ukuta kwa safu mbili, ishirini chini na ishirini juu, ili maji yaliyo nyuma yake yapate pa kutokea.

Fundi Tangi akavishika kimoja kimoja kama mtu aliyeletewa vyombo vya marehemu.

"Dada yangu, nimeitwa kujenga ukuta au kujenga kichujio?"

"Jenga kichujio kinachosimama, Fundi."

"Mimi ukuta wangu ukivuja, watu watasema nini?"

"Watasema wamepita."

Amevilaza, kwa uso wa mtu anayemeza dawa ya minyoo.

28 Machi

Mvua ya kwanza. Mabuti ya Mhandisi sasa yanafanana na ya watu.

1 Aprili

212½. Mvua. Kila jiwe analokataa Fundi mimi naliona zuri, na kila analolichukua naona bovu. Akishaliweka, linakuwa kama lilizaliwa pale. Mdomo wake siupendi, lakini mkono wake ni kitu kingine.

5 Aprili

212½. Mvua.

Asubuhi wamepita watu wanane wamebeba kitanda, na juu yake mwanamke mwenye uchungu, amefunikwa turubai. Kutoka juu hadi zahanati ya bondeni ni saa nne kwa miguu. Ya kwetu haina mkunga tangu barabara ikatike. Aliyekuwepo alishuka kumsalimia dada yake na hajamaliza kumsalimia. Pale Koo walipita juu ya mbao mbili zilizowekwa kwenye tope. Mbao ziliinama, wale wa mbele wakaanza kuhesabu hatua kwa sauti, na yule mwanamke akahesabu nao.

Nikawageuzia kijani. Hawakukiangalia, lakini nilikishikilia hadi walipotoka ng'ambo.

Mchana zikaja habari kwamba mtoto amezaliwa njiani, chini kidogo ya hapa. Wazima wote. Kimya anataka aitwe Kijiko.

8 Aprili

213. Nusu sentimita. Nimemwonyesha Mhandisi, akapanda kupima mwenyewe. Alishuka akitembea polepole kuliko kawaida.

9 Aprili

213. Mvua kubwa.

10 Aprili

Mhandisi ameitwa makao makuu kueleza kwa nini tunachelewa. Siku nne au tano. Kabla hajapanda pikipiki aliomba daftari la vigingi, akapitisha kidole kwenye mstari wa jana.

"Mlima umetulia. Ungekuwa umesogea tena nisingekwenda, wangenifuata wao huku."

Alipoondoka nikapanda kupima. 215.

Nimepima mara tatu. Pengine mbuzi amegonga kigingi. Mbuzi hupanda popote.

11 Aprili

216. Mbuzi gani huyu.

Na ukuta umekwisha. Fundi ametuita wote tuuone. Ameupiga lipu kutoka mwanzo hadi mwisho, laini, unaweza kujichania nywele mbele yake. Wasaidizi wanapiga makofi. Mimi natafuta mabomba.

"Fundi, yale matundu yako wapi?"

"Yapo."

"Wapi?"

"Ndani. Mhandisi alisema niyaweke, nimeyaweka. Hakusema yaonekane." Akanikaribia, akashusha sauti. "Jana yalianza kutoa maji, shangazi. Ukuta wa siku moja unatoa maji! Nikasema hapana. Nikayaziba yote arobaini, nikapitisha lipu juu. Sasa gusa."

Nikagusa. Mkavu kabisa. Nje mvua, ukuta mkavu kama mkono wa mwalimu mwenye chaki. Alikuwa anatabasamu kwa furaha safi kiasi kwamba ile 216 sikumtajia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta, tumeziba ukuta, na ufa tumeuacha wazi.

12 Aprili

217.

Sasa niandike, maana daftari hili si lile la vigingi, halisomwi na mtu. Ile ya tarehe tisa sikupima. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, magoti yamevimba, nikakaa chini ya turubai nikaandika 213 kwa sababu jana yake ilikuwa 213. Kwa tarakimu tatu nilizozitoa kichwani, Mhandisi amepanda pikipiki na kwenda zake. Mimi ambaye niliaminiwa kwa sababu ya punda.

Simu hapa hushika mtandao ukiwa juu ya mwamba ule, kwa mguu mmoja, siku isiyo na mvua. Nimejaribu kwa miguu yote miwili. Hakuna kitu.

Nikaona nianze na Fundi. Ukimwambia Fundi Tangi amekosea, utamjengea ukuta mwingine. Nikazunguka.

"Fundi, nimesikia huyo mkaguzi wa lori ana kawaida moja mbaya. Akishuka kwenye gari anatembea na kijiti. Anakichomeka kwenye kila tundu la ukuta. Asipoliona tundu, anaandika jina la fundi."

"Jina langu?"

"La ukoo kabisa."

Akafikiri. Akachukua tindo na nyundo, akatoboa matatu, yale ya mwanzoni, ambapo mkaguzi angeshukia.

"Akishaona matatu atachoka," akasema.

Yale matatu yalitoa maji ya rangi ya chai, mfululizo, hadi tulipofunga kazi. Fundi alikuwa anayatazama kwa jicho la pembeni. Na mimi nikajifunza jambo: mjanja akidanganya kidogo, anapata kidogo.

13 Aprili, Jumamosi

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye vigingi: 218. Nikashuka mbio, kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, nikamkuta Fundi ameshika uzi wake. Alikuwa ameufunga mwanzo wa ukuta na mwisho wake, ameuvuta. Uzi ukivutwa hivyo unatakiwa uguse ukuta mzima. Huu uligusa katikati tu. Mwanzoni na mwishoni ungeweza kupitisha kidole.

"Tumbo," Kimya akasema. "Fundi, ukuta wako una..."

"Nyamaza," Fundi akamwambia, na Kimya akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikasema. Nilisema yote, palepale kwenye mvua: kwamba hakuna mkaguzi mwenye kijiti, kwamba tarehe tisa niliandika uongo, kwamba Mhandisi kaondoka kwa sababu yangu, na kwamba maji yako nyuma ya ukuta yanasukuma na hayana pa kutokea. Nilitegemea anitukane. Fundi aliweka sikio kwenye lipu. Akasikiliza kama daktari. Alipoinua uso alikuwa mzee kwa miaka kumi.

"Tangi," akasema. "Shangazi, nimejenga tangi. Nimelijenga kinyumenyume."

Wasaidizi wakataka kukimbia, na mmoja alikuwa ameshaanza. Kimya akasema tuuache ukuta uanguke, tutajenga mwingine. Nikamuuliza lini. Imebaki wiki saba, na huu umechukua wiki tano kwa tope dogo kuliko hili. Ukuta ukienda, mlima unakuja nao, barabara inakwenda bondeni, na tarehe 31 Mei lori litafika hapa lipige honi na kurudi.

Fundi akafungua sanduku lake. "Matundu nitayafungua mimi. Hakuna mwingine anayejua yalipo."

Na kwa kweli hakuna. Alikuwa ameyaficha vizuri mno. Ilibidi apime kwa hatua, agonge kwa kidole, asikilize, ndipo apige tindo. Mimi nikasema nitapanda kwenye vigingi. Nitapima bila kupumzika, nitaonyesha kibao. Kijani wanaendelea. Nikigeuza nyekundu, wanatoka, hakuna mjadala.

"Ukiteleza?" Kimya akauliza.

"Basi mtajua ni nyekundu."

Juu kulikuwa kama kupanda mgongo wa ng'ombe aliyepakwa sabuni. Nilipofika, 218 na nusu. Nikakaa na mguu mmoja kila upande wa ufa, futi ya kupimia mkononi, kibao cha kijani kimeinuliwa. Chini nilimwona Fundi mdogo kama sisimizi akienda kwenye ukuta. Kwa kila tundu alilofungua, mchirizi wa kahawia uliruka. Safu ya chini aliimaliza kwa saa moja na nusu. 219.

Safu ya juu haifikiki, na jukwaa lilikuwa limeshabomolewa. Nikaona Kimya anashusha mkono wa kijiko, Fundi anaingia ndani ya bakuli lake kama mtoto kwenye beseni, na bakuli linapanda hadi juu ya ukuta. Tundu la kwanza la juu lilimpiga maji kifuani nusura limwangushe. Akajifuta uso, akaendelea. La pili. La tano. Kimya alimsogeza hatua kwa hatua, bila neno, saa nzima bila neno. Sikuwahi kufikiri mtu yule anaweza kuwa mpole hivyo na chuma kikubwa hivyo.

Tundu la kumi, 219 na nusu. La kumi na nne, 219 na milimita nane. Nilihisi ardhi chini ya paja langu la kushoto inateremka, polepole, kama mtu anayejisogeza kitandani ili asikuamshe.

La kumi na sita. Nikapima. 220.

Nikapima tena. 220.

Yalibaki manne. Nitasema ukweli: mkono wangu haukugeuka mara moja. Nilifikiri, manne tu, dakika kumi na tano. Nilifikiri, nani atajua kama nilisoma 220 au 219 na milimita tisa? Niko peke yangu huku juu na futi inatetemeka. Halafu nikakumbuka ile 213 ilivyokuwa rahisi kuandika.

Nikageuza nyekundu.

Fundi akaiona. Akapunga mkono, akapiga kelele, upepo ukaniletea vipande: "...manne!... umesoma vibaya!... manne tu!" Nikainua kibao juu zaidi. Akageukia ukuta, akainua nyundo. Kimya hakumwomba ruhusa. Alirudisha kijiko nyuma na Fundi akiwa ndani ya bakuli, anatukana ukoo wa Kimya, ukoo wangu na ukoo wa aliyevumbua injini. Wakafika mita hamsini. Mimi nikahamia kwenye mwamba wa pembeni, nikajibana.

Ilikuwa kama dakika sita. Kwanza yalishuka mawe madogo. Kisha mwisho wa ukuta, pale pale penye yale manne, ukatoka nje kama jino, bila haraka, na nyuma yake udongo ukamwagika barabarani palipokuwa na kijiko. Mlio wake ulikuja baadaye, nikausikia kwa tumbo.

Halafu nikangoja mita thelathini na tatu zilizobaki nazo zifuate.

Hazikufuata. Matundu thelathini na mawili yaliyobaki yalikuwa yanatema maji yote kwa pamoja. Ukuta ulisimama pale, mchafu, unavuja kila mahali. Nimezaa watoto watatu. Sijawahi kukitazama kitu kwa jicho lile.

Vigingi viko upande uliobaki. Nikarudi kupima. 220. Baada ya saa moja, 220. Baada ya saa mbili, 220.

Niliposhuka, Fundi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, hana shati.

"Ulisoma vizuri," akasema.

14 Aprili

220. Mvua imepungua. Nimelala kutwa. Mama amenikanda magoti na hakuuliza kitu, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

16 Aprili

220. Mhandisi amerudi, kwa miguu, pikipiki imekwama bondeni. Alitembea ukuta mzima akigusa tundu moja moja. Fundi akaanza kujieleza, mimi nikamkatiza kwa kuwa kosa langu lilikuwa la kwanza kwa tarehe. Nikampa daftari la vigingi.

Hakugomba. Ningependa angegomba.

"Mama, kwenye kazi hii hatufuti. Kata kwa mstari mmoja, kile kilichoandikwa kiendelee kusomeka. Juu yake andika HAIKUPIMWA. Weka sahihi."

Nikakata. Nikaandika. Nilidhani atachukua daftari na kibao pamoja. Akafungua ukurasa wa tarehe 13, akasoma zile tarakimu kwenda chini hadi mwisho.

"Kesho upime mara mbili," akasema. "Asubuhi na jioni."

Nilimdharau kwa sababu ya mabuti. Mtu hupimwa kwa vitu vya ajabu.

21 Aprili, Jumapili

Mhandisi amesema dawa iko juu: mtaro wa kukata maji kabla hayajafika kwenye ufa, mita mia mbili, na ufa wenyewe ujazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa. Kijiko hakipandi kule. Ni jembe na mgongo.

Nikapeleka habari kijijini. Sikuhutubia. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza kama wana jembe la kuazima, maana kuna wachache watachimba na majirani wao watawaangalia. Hakuna anayependa kuwa jirani wa kuangalia.

22 Aprili

220. Wamekuja sitini na wanne. Mama ameleta jembe lake hadi mlangoni. "Mpini ni mpya," akasema, "usimpe Kimya, ataliongelesha hadi livunjike."

27 Aprili

220. Mvua, na maji yote yamekwenda mtaroni. Tulisimama kuyaangalia kama watu walio kwenye sherehe.

3 Mei

220 na milimita moja. Sikulala vizuri.

4 Mei

220 na milimita moja. Imesimama.

12 Mei

Fundi anajenga upya zile mita saba. Hapigi lipu. Kila bomba analitoa nje kwa urefu wa kidole, na asubuhi kabla ya chai anapita kuangalia kama yanatoka maji. Leo moja lilikuwa kavu, akalichokonoa kwa waya hadi likadondosha, ndipo akanywa chai.

20 Mei

Ukuta umekwisha. Kimya amepita Koo na kijiko, kwenda na kurudi, kisha akasimulia kana kwamba hatukuwepo.

30 Mei

220 na milimita moja. Imenyesha kutwa nzima. Mvua ya nini leo?

31 Mei, Ijumaa

Saa nne tulisikia lori kabla ya kuliona. Mkaguzi mkuu alikuwa amekaa mbele, miwani, faili gotini. Nyuma, tani kumi za kokoto. Dereva alipofika mwanzo wa Koo akazima injini, akateremka, akaangalia bonde upande mmoja na ukuta upande wa pili.

"Hapa wanapita wangapi?" akaniuliza.

"Wa lori, wewe ndiye wa kwanza."

"Unafurahi kusema hivyo?"

Mkaguzi naye akashuka. Mvua ya jana ilikuwa inatoka kwenye matundu yote arobaini, tip, tip, tip. Akauangalia ukuta. Akafungua kalamu.

"Huu ukuta unavuja."

Mhandisi akafungua mdomo, lakini Fundi Tangi alikuwa ameshafika mbele, shati limepigwa pasi.

"Mzee, shikamoo. Ndiyo, unavuja. Ungekuwa mkavu ningekwambia panda gari lako urudi nyumbani kwa watoto. Ukuta mkavu ni tangi. Nimejenga matangi miaka thelathini, na hakuna anayejua hatari ya ukuta usiovuja kuliko mimi." Akaweka kiganja chini ya tundu moja, maji yakajaa. "Haya yangekuwa nyuma. Sasa yako mkononi mwangu. Onja ukitaka."

Mkaguzi hakuonja. Lakini aliandika kwa muda mrefu, na mwishoni alimuuliza Fundi jina lake. Fundi akageuka akaniangalia. Akataja hadi la babu.

Kisha dereva akakunja vioo vya pembeni, akawasha. Kimya akatembea kinyumenyume mbele yake akimwongoza kwa vidole viwili tu, bila neno. Upande wa ukuta ulibaki upana wa kiganja. Upande wa bonde sikuutazama. Nilitazama barabara chini ya magurudumu ya nyuma. Ilibonyea kidogo? Haikubonyea. Maji ya matundu yalidondoka juu ya kokoto, na lori likatoka ng'ambo likiwa limelowa ubavu mmoja.

Nani alianza kupiga kelele sijui. Nasikia nilikuwa mimi.

Tukalifuata hadi juu, kilomita tano, watu wakiongezeka kila kona, mkaguzi ndani akijifanya hasikii. Lilifika mwisho wa barabara, mlangoni kwa mama, likasimama, likapumua. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba katika miezi mitatu ya ramani, mabomba, vigingi na mitaro, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza lori litageuzia wapi.

Kulia mwamba, kushoto korongo. Dereva akasema hawezi kushuka kinyumenyume kilomita tano na Koo juu yake. Mkaguzi akafungua faili tena. "Barabara isiyo na mahali pa kugeuzia..." akaanza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, anaangalia lile lori kama anavyomwangalia mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Wewe mwenye miwani," akasema. "Unaandika nini kabla hujasalimia?"

Mkaguzi akasalimia.

"Marahaba. Ule ukuta wa mawe wa ua wangu, ubomoeni. Na hilo tuta la maharage, pitisheni juu."

"Mama!" nikasema. Ule ua aliujenga na baba.

"Nini? Mimi sihami. Ua unaweza kuhama."

Watu walibomoa ukuta ule kwa mikono, jiwe kwa jiwe, wala haikuchukua robo saa. Mama mwenyewe akaingia katikati ya ua, akainua fimbo. "Leta! Leta! Kata! Kata kulia, wewe, kulia kwako, si kwangu!" Na dereva wa lori la tani kumi, aliyekuwa ameshindwa kumsikiliza Kimya, ambaye tangu watoke Koo alimsimulia kilomita tano nzima, akamtii. Lori likaingia, likageuka juu ya maharage, likatoka likiangalia lilikotoka.

Mkaguzi akaandika neno moja. Alimpa Mhandisi alisome, na Mhandisi akaketi chini palepale, kwenye tope, na mabuti yake.

INAFAA.

1 Juni

Asubuhi nimekuja na ufagio kusawazisha ua wa mama. Alama za magurudumu zimechimba mitaro miwili mizima, kutoka barabarani hadi karibu na kizingiti, na maharage yamelala chini yote. Nilipoanza kufagia akanigonga mguu kwa fimbo.

"Acha."

"Mama, ua mzima umeharibika."

"Nimesema acha. Kuna watu hawakuwepo jana." Akaleta kiti, akakiweka kati ya zile alama mbili, akaketi. "Watakuja kuniambia gari haliwezi kufika hapa."